Somo la Mwezi: Kuliongoza Shamba Wakati wa Ukame kwa Daftari na Hatua Tano

Mwezi huu hatutafundishana kupanda wala kupalilia. Somo letu ni namna ya kuliongoza shamba wakati mambo yanapoharibika: mvua isipokuja, ghala linapopungua, mifugo wanapokonda, na mwenye deni anapobisha hodi.

Kwanza yafaa tukubaliane juu ya jambo moja. Mkulima wa skimu ni mwenye biashara. Analo shamba lenye mipaka inayojulikana, anao mifugo, analo ghala, anao watu wa kulisha kila siku, na pengine analo deni. Mwenye duka pale sokoni anazo shida kama hizo hizo. Lakini mwenye duka ana daftari, na jioni anajua kilichoingia na kilichotoka. Mkulima wengi wetu tunamjua ana ghala, lakini ukimwuliza chakula chake kitafika mwezi gani, atatazama juu na kusema, "Mungu akipenda kitafika." Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa sana madukani, lakini yalihusu ghala la mahindi vile vile.

Sisi tulio Mukuyuni, na jirani zetu wa Makueni na Kitui, hatuna haja ya kufundishwa kwamba ukame huja. Jambo la kujifunza ni kwamba ukame haumshiki mtu ghafula kama moto. Huja polepole, mwezi baada ya mwezi, na kila mwezi unatoa dalili. Mwenye utaratibu huziona dalili hizo na kufanya kazi ya mwezi ule. Asiye na utaratibu hungoja mpaka siku ambayo hana tena la kuchagua.

MAMBO TULIYOFUNDISHWA NA NJAA ZILIZOPITA

Wakamba huzipa njaa majina, na kila jina ni somo.

Njaa ya 1961 inaitwa Yua ya Ndeke, yaani njaa ya ndege. Ukame ulikuwa umekausha mazao, kisha mwishoni mwa 1961 ikaja mvua kubwa iliyokata barabara, na chakula kikaletwa kwa ndege. Fundisho lake ni hili: msaada waweza kuwako, na njia ya kukufikia isiwepo. Chakula kilicho Mombasa hakijai chungu cha Mukuyuni.

Njaa nyingine, ya miaka ya 1980, inaitwa Nikw'a Ngwete. Maana yake ni, "Ninakufa hali nimeshika." Mtu alishika fedha mkononi, lakini dukani hapakuwa na chakula cha kununua. Fundisho lake ni kwamba fedha peke yake si akiba kamili. Fedha zikae pamoja na nafaka, na zigeuzwe nafaka wakati nafaka ingali ipo.

Mwaka 1984 mvua ya masika ilikosa sehemu nyingi za Kenya. Serikali ilipoona dalili haikungoja mpaka ghala za nchi zikauke. Iliagiza mahindi kutoka nchi za ng'ambo mapema, na wengi wanakumbuka yale mahindi ya manjano yaliyoliwa siku zile. Shida ilikuwa kubwa, lakini ilipunguzwa kwa sababu uamuzi ulifanywa kabla ya siku mbaya. Jambo lililofaa kwa nchi nzima linafaa kwa nyumba moja.

Tena, kuanzia mvua za vuli za 2020 mpaka zile za 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo iliharibika katika sehemu nyingi za kaskazini na mashariki mwa Kenya. Misimu mitano ni zaidi ya miaka miwili. Hakuna ghala la mtu mmoja linaloweza kushika muda huo bila hesabu.

DAFTARI LA KURASA TANO

Nunua daftari moja la shule. Ukiwa hujui kuandika, mtoto aliye shuleni na aandike, nawe uyaseme maneno. Ligawe daftari katika sehemu tano.

1. Ukurasa wa watu. Andika wote wanaokula nyumbani mwako, pamoja na wale wanaorudi wakati wa likizo.

2. Ukurasa wa ghala. Siku ya mavuno andika magunia uliyoingiza. Kila siku ya kwanza ya mwezi andika yaliyobaki. Mahindi na yaandikwe mbali, mbaazi mbali, kunde mbali, na ndengu mbali.

3. Ukurasa wa mifugo. Usiandike idadi tu. Andika kila mnyama na kazi yake: huyu anazaa, huyu ni dume la kulima, huyu ni mbuzi aliyehasiwa, huyu ng'ombe amezeeka. Halafu weka namba: ni nani atauzwa kwanza, wa pili, wa tatu. Fanya hivyo sasa, wakati moyo umetulia. Siku ya njaa ni siku mbaya ya kufikiri.

4. Ukurasa wa fedha na deni. Andika unachodai, unachodaiwa, na tarehe ya kulipa. Karo ya shule na iandikwe hapa pia.

5. Ukurasa wa mvua. Weka mkebe wenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Kila asubuhi saa tatu pima maji kwa rula, uandike milimita ngapi, kisha uyamwage. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo paa la mabati lenye mita za mraba 30, likinyeshewa milimita 20, hupokea lita 600. Mwenye mfereji na tangi atazipata nyingi za lita hizo. Asiye na mfereji ataziona zikichimba ua wake na kwenda zake.

HESABU MOJA YA GHALA

Sasa tufanye hesabu pamoja. Chukua kalamu. Takwimu hizi ni za kufundishia tu. Ukiisha elewa njia, weka takwimu za nyumba yako.

Tuseme nyumba ina watu saba. Kipimo cha kukadiria ni gunia moja la mahindi la kilo 90 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Watoto wadogo hula pungufu, lakini wageni hawaandikwi daftarini, basi na tuache kipimo kama kilivyo. Watu saba wanahitaji kilo 630 kwa mwaka, yaani kama kilo 52 na nusu kila mwezi.

Tuseme nyumba hii ilivuna magunia matano ya mahindi ya mvua za vuli, na mwanzo wa mwezi wa tatu yote yamo ghalani. Magunia matano ni kilo 450. Gawanya 450 kwa 52 na nusu. Jibu ni miezi minane na nusu na kidogo. Chakula hicho kitakwisha katikati ya Novemba.

Tazama vizuri tarehe hiyo. Katikati ya Novemba ndipo mvua za vuli zinapokuwa shambani, ndipo kazi ya kupanda na kupalilia inapokuwa nzito kuliko wakati wote, na mavuno yangali mbali mpaka Februari. Nyumba itakuwa na njaa wakati mikono yake inahitajiwa sana. Mtu ataliacha shamba lake akapalilie la mwenzake ili apate kibaba, na shamba lake litaota magugu. Ndivyo njaa ya mwaka huu inavyozaa njaa ya mwaka ujao.

Pengo ni kilo 180, yaani magunia mawili, au gorogoro 90 zikihesabiwa kilo mbili mbili. Huenda mavuno ya mvua za masika yakaliziba pengo hilo, lakini wakulima wa Ukambani mnajua ni mvua zipi za kutegemewa zaidi. Ni zile za Oktoba mpaka Desemba. Mavuno ya masika na yahesabiwe yakiisha kuingia ghalani, siyo kabla.

Basi pengo lizibwe lini? Tuseme mwezi wa tatu mbuzi mwenye afya anauzwa shilingi 6,000, na gorogoro ya mahindi ni shilingi 100. Mbuzi mmoja ananunua gorogoro 60. Tuseme mwezi wa kumi na moja, wakati wa ukame, mbuzi yule yule amekonda, na kila mtu amepeleka mbuzi wake sokoni. Anauzwa shilingi 3,000, na gorogoro imepanda mpaka shilingi 150. Sasa mbuzi mmoja ananunua gorogoro 20.

Mwenye kuziba pengo mwezi wa tatu atauza mbuzi wawili, na atabakiwa na fedha kidogo. Mwenye kungoja mpaka Novemba atauza mbuzi watano kwa pengo lile lile. Mbuzi watatu wamepotea bila kuliwa na chui, bila kuugua, bila kuibwa. Wameliwa na kuchelewa.

Kwa sababu hii, katika ukurasa wa mifugo andika kila siku ya soko: mbuzi mmoja leo ananunua gorogoro ngapi? Swali hili moja ni kipimo bora cha ukame. Bei ya mbuzi peke yake yaweza kukudanganya, na bei ya mahindi peke yake yaweza kukudanganya. Zikilinganishwa zinasema kweli.

HATUA TANO

Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Ukame, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2016, hutoa taarifa ya kila mwezi juu ya kaunti zenye ukame, na Makueni na Kitui zimo. Taarifa hiyo hupanga hali ya nchi katika hatua tano: Kawaida, Tahadhari, Hatari, Dharura na Kufufuka. Huo ni utaratibu mzuri, nasi twaweza kuuleta mpaka mlangoni kwa kila mkulima. Kila hatua na iwe na dalili zake na kazi zake, zilizoandikwa kabla.

Hatua ya kwanza: KAWAIDA. Dalili: mvua imefika kwa wakati, na chakula kilichoko kinafika mavuno yajayo. Watu wengi hupumzika katika hatua hii, kumbe ndiyo yenye kazi nyingi. Tengeneza matuta ya fanya juu yaliyobomoka, udongo ukitupwa upande wa juu wa mtaro. Kausha nafaka sawasawa. Tenga mbegu. Funga mabua na maganda ya mbaazi mahali pasipo mvua yawe malisho. Usipande kitu kimoja: panda mahindi ya muda mfupi kama Katumani, na kando yake ndengu, kunde, mbaazi na mtama. Ndengu na kunde zaweza kuwa tayari baada ya miezi miwili au zaidi kidogo, hata mvua ikikatika mapema. Mbaazi hukaa shambani muda mrefu na mizizi yake hufuata maji chini.

Hatua ya pili: TAHADHARI. Dalili ni moja katika hizi: mvua imepita tarehe uliyoiandika bila kutosha kuotesha, au hesabu ya ghala inaonyesha chakula hakifiki mavuno, au mbuzi ananunua chini ya robo tatu ya gorogoro alizonunua wakati wa mavuno. Kazi: uza kundi la kwanza katika orodha yako, yaani mbuzi waliohasiwa, madume yasiyo na kazi, na ng'ombe wazee. Fedha zigeuzwe nafaka siku ile ile, kabla hazijapata shauri jingine njiani. Nafaka isitumiwe kwa pombe. Ikiwa mvua imechelewa, ongeza ndengu na kunde, upunguze mahindi.

Tazama tena ile nyumba ya watu saba. Mwanzo wa mwezi wa tatu ghala lake lina magunia matano na watoto wameshiba. Kwa macho iko katika Kawaida. Kwa daftari imekwisha kuingia katika Tahadhari. Hapo ndipo mnapoona faida ya kuandika.

Hatua ya tatu: HATARI. Dalili: mazao yamenyauka kabla ya kubeba, au maji yamekuwa mbali kuliko desturi, au mbuzi ananunua chini ya nusu. Kazi: uza kundi la pili, ukibakiza jike wazuri wa kuzaa na dume mmoja. Mahindi yaliyokauka bila kuzaa yakatwe yawe malisho. Chakula kitolewe ghalani kwa kipimo cha juma moja moja. Nenda kwa aliyekukopesha kabla tarehe ya kulipa haijafika, uchukue daftari lako, umwonyeshe. Mwenye deni anayekuja mapema na hesabu mkononi husikilizwa. Anayejificha hufuatwa.

Hatua ya nne: DHARURA. Dalili: chakula cha nyumbani hakifiki mwezi mmoja, na mifugo wanaanguka. Kazi: linda watu kwanza, mbegu pili, jike wa kuzaa tatu. Mpe habari chifu na ofisi ya kilimo, na uwape hesabu ya kweli ya watu wako. Mtoto anayekonda apelekwe zahanati bila kungoja. Usiuze ardhi. Mbuzi aliyeuzwa hurudi kwa mwaka mmoja au miwili, lakini shamba la skimu likiisha kwenda halirudi, na watoto wako watakuwa vibarua katika ardhi waliyozaliwa.

Hatua ya tano: KUFUFUKA. Dalili: mvua imenyesha na mazao yamesimama. Hatari ya hatua hii ni furaha. Mtu huona majani mabichi akakimbia kununua ng'ombe kwa fedha za mkopo. Subiri. Kwanza mbegu, kisha matuta, kisha deni, kisha ndipo mifugo, tena kidogo kidogo. Andika katika daftari ni jambo gani lilikusaidia na ni dalili gani ilitangulia. Maandishi hayo ni urithi wa watoto wako.

Yako masharti mawili ya hatua hizi. La kwanza: kupanda kutoka Kawaida mpaka Dharura, dalili moja yatosha. Kuingia katika Kufufuka, dalili zote ziwe zimeonekana. La pili: hatua iamuliwe siku maalumu, yaani siku ya kwanza ya kila mwezi, na siku zile za mvua ulizoziandika. Kwa mfano, mtu aweza kuandika: "Ikiwa tarehe 20 Novemba mvua haijaotesha mbegu, nimo katika Tahadhari." Shauriana na Bwana Shamba wako juu ya tarehe zinazofaa upande wenu, maana vilima vya Kilungu na mbuga za Kibwezi havina mvua moja.

NANI AFANYE NINI

Utaratibu usio na mwenyewe ni karatasi tu. Andika jina kando ya kila kazi. Nani anapima mvua? Yafaa mtoto wa shule. Nani anashika ufunguo wa ghala na kupima cha juma? Katika nyumba nyingi mama ndiye anayejua chungu kinakula nini, basi na awe yeye, na baba asifungue ghala bila yeye kujua. Nani anauliza bei siku ya soko? Nani anapeleka mbuzi?

Mara moja kwa mwezi, jioni, baba, mama na watoto wakubwa wakae pamoja na daftari likiwa wazi. Yasomwe yaliyobaki, itajwe hatua, na kazi zigawanywe. Kikao hiki hakihitaji saa nzima. Faida yake ni kubwa: mume hatauza ndengu kwa siri, mke hatakopa dukani kwa siri, na mtoto atajua kwa nini mwezi huu hakuna viatu. Nyumba inayojua hali yake huvumilia. Nyumba isiyojua hugombana.

Mkiwa na kikundi cha mwethya, jambo hili laenda mbali zaidi. Kikundi kinachochimba matuta pamoja chaweza pia kununua mahindi pamoja mwezi wa mavuno, na kuyatunza katika ghala moja lenye daftari moja na funguo mbili zilizo kwa watu wawili.

NAFAKA ILIYO GHALANI ISIWE SUMU

Hapa naomba msome polepole, maana ni habari ya uhai.

Mwaka 2004 watu wa Makueni, Kitui na wilaya za jirani waliugua kwa kula mahindi yaliyovunda. Wagonjwa walioandikwa walikuwa 317, na 125 kati yao walikufa. Wengi walikula mahindi waliyoyalima wenyewe. Yalivunwa na kuwekwa yakiwa mabichi, mengine ndani ya nyumba za kulala, na ukungu ukaota. Ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, inayoharibu ini. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 1981, sumu hiyo hiyo iliua watu katika wilaya ya Machakos.

Utaratibu wote niliouandika hapo juu unategemea ghala. Ghala likiwa na sumu, akiba imegeuka adui. Basi fuata mambo haya:

Usimwage mahindi juu ya udongo mtupu. Tandika turubai au mkeka. Yageuze mara kwa mara. Jioni yakusanye na kuyafunika. Tenga punje zilizooza, zilizotobolewa na zilizobadilika rangi, na usizichanganye na nzuri kwa kuhurumia ujazo wa gunia.

Pima ukavu kwa chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo safi, kavu kabisa, yenye kifuniko. Tia mahindi mpaka theluthi moja. Ongeza vijiko viwili au vitatu vikubwa vya chumvi kavu. Funga, tikisa sana kwa dakika moja, kisha iache kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yangali na maji, yarudishe juani. Isipoganda, yameanza kufaa, lakini yapewe jua zaidi kabla ya kuwekwa kwa miezi mingi. Kipimo kinachotakiwa ni unyevu usiozidi asilimia 13 na nusu, na wako wenye mashine ya kupimia. Uliza ofisi ya kilimo.

Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, ndani ya ghala lenye hewa. Mifuko isiyopitisha hewa huzuia dumuzi bila dawa, lakini usitie ndani yake nafaka mbichi. Na usiogope kutupa nafaka iliyoota ukungu hata wakati wa njaa. Usimpe kuku, usimpe ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita katika maziwa.

MANENO YA WANAOSITA

Wako watakaosema: "Mbuzi wangu ndio benki yangu, siwezi kuwauza wakingali wazima." Ni kweli, mbuzi ni benki. Lakini benki inayokonda kila siku ya jua yafaa utoe kidogo mapema, upate kuokoa kilichobaki. Mwenye mbuzi kumi akiuza wawili kwa wakati, nane wanapata malisho zaidi.

Wengine watasema: "Nikiuza na mvua ikaja, nimepata hasara." Huenda. Utakuwa umepungukiwa mbuzi wawili na una magunia mawili ghalani. Mtu mwenye magunia mawili na mvua inanyesha hakuharibikiwa. Linganisha na yule aliyengoja, na mvua isije.

Wengine watasema kwamba mambo ya masharti ni ya zamani. Ni kweli kwamba skimu ya Makueni ilipoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940, katika pori lililofyekwa ili kufukuza mbung'o, watu walipewa mashamba kwa masharti ya matuta na ya idadi ya mifugo. Masharti yale yalikuja kwa amri ya serikali ya kikoloni, na wengi hawakuyapenda. Leo hakuna anayekuamuru uandike daftari. Sharti hili unajiwekea mwenyewe, kwa faida yako, na wewe ndiye mkaguzi.

MASWALI YA KUJIPIMA

Yajibu haya pamoja na watu wa nyumbani mwako, kisha uyaandike katika ukurasa wa kwanza wa daftari.

1. Tuko watu wangapi, na tunakula kilo ngapi za mahindi kwa mwezi?
2. Kwa hesabu hiyo, chakula kilichoko kitakwisha tarehe gani? Tarehe hiyo iko kabla ya mavuno au baada?
3. Leo mbuzi mmoja ananunua gorogoro ngapi? Wakati wa mavuno alinunua ngapi?
4. Ni mifugo wepi watatu watakaouzwa kwanza?
5. Mbegu za msimu ujao ziko wapi, na nani anazilinda?
6. Leo sisi tuko katika hatua gani kati ya zile tano?

Nyumba inayoweza kujibu maswali yote sita imekwisha kuanza. Isiyoweza kujibu hata moja na isione haya; ianze na swali la pili, maana hilo ndilo linalofungua mengine. Ukikwama katika hesabu, njoo ofisi ya kilimo na daftari lako siku ya kazi, tutaifanya pamoja.

Mwezi ujao, wakulima, tutajifunza kuchimba mtaro wa fanya juu na kupima mteremko kwa kamba. Kabla ya hapo, kila mmoja awe amejaza ukurasa wa ghala.